Piza kwa Jiko la Makaa

Nani aliyekwambia kuwa piza ni ya wenye oveni? Mimi huipika kwa jiko la makaa kila mwisho wa mwezi, na wanangu hugombania kipande cha mwisho.

Ngoja makaa yafunikwe na majivu meupe. Unga wa ngano uliotiwa hamira na kuumuka, usukume kama chapati, uuweke juu ya waya wa kuchomea nyama. Ukishika rangi, geuza. Upande ulioiva ndio unaopakwa nyanya na jibini (ghali, najua, kidogo chatosha), kisha funika kwa sufuria.

Lakini jiko likae nje! Makaa yasiyofuka moshi bado hutoa hewa yenye sumu, isiyo na harufu, inayoua watu usingizini. Mvua ikinyesha, kwetu ni mkate na chai.