Tunahamia Juani kwa Bamvua

Kwa muda wa miaka 22 tumesimama mbele ya wanafunzi wa mji wa Masaka, nchini Uganda, tukiwafundisha kwamba kinyume cha kujaa kwa maji ya bahari ni kupwa. Neno hilo tuliliandika ubaoni, tukalitungia sentensi, tukalitia katika mitihani, na mwanafunzi aliyejibu "kukauka" tulimkata alama bila ya huruma. Na hali sisi wenyewe tulizaliwa na kukulia karibu na Ziwa Viktoria, ambalo halijui kujaa wala kupwa kwa namna ambayo jicho la mtu laweza kuiona. Siku moja mtoto wa kidato cha kwanza alituuliza, "Mwalimu, yakipwa huenda wapi?" Tulimwambia akae, kwani kengele ilikuwa karibu kulia.

Swali hilo linaturudia siku hizi kwa sababu tumo katika matayarisho ya kuhama. Mwezi wa Desemba, Mungu akipenda, sisi na mama watoto na watoto wetu wawili wadogo tutaiacha Masaka twende tukakae Juani, kisiwa kilicho katika wilaya ya Mafia, mkoa wa Pwani, nchini Tanzania. Huko ndiko alikozaliwa mama watoto, na huko ndiko aliko mama yake, ambaye macho yamemwisha na watoto wake wengine wametawanyika Tanga na Dar es Salaam. Tulimwomba aje akae nasi. Alijibu kwamba bara hakuna upepo.

Wenzetu shuleni hawakulipokea jambo hili vizuri. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha, mwaka 2022, kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, kila mtu anajua kwamba walimu hatutoshi. "Tulikuwa tukilia miaka yote somo lipewe nafasi," alituambia mwenzetu mmoja, "leo limepewa, nanyi mwaondoka?" Tumeomba likizo ya miaka 2 bila malipo. Lawama tumezipokea, na jibu la kumtosheleza yule mwenzetu hatuna hadi leo.

Basi tulianza kupanga kama wapangavyo watu wa bara, yaani kwa kalenda ya ukutani. Shule za Uganda hufungwa mapema mwezi wa Desemba. Mwaka wa shule wa Tanzania huanza Januari. Kwa hiyo tukachagua Jumamosi ya pili ya Desemba iwe ndiyo siku ya kutia miguu Juani. Kutoka hapo tukahesabu kurudi nyuma: mashua kutoka Utende hadi Juani, gari kutoka Kilindoni hadi Utende, chombo kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, gari kutoka Dar es Salaam hadi Nyamisati, na lori kutoka Masaka kupitia mpaka wa Mutukula. Tuliandika yote katika daftari kwa mistari iliyonyooka, tukaona kazi kubwa imekwisha. Ndipo tukampigia simu mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wajukuu zangu hawajambo?"

Tukamwambia hawajambo, tukamtajia na siku. Akanyamaza kitambo. Tulimsikia akihesabu kwa sauti ndogo, kisha akasema, "Siku hiyo mwezi utakuwa na ishirini na mbili. Ni maji mafu. Hamtafika, mwanangu, mtafika nusu."

Tunakiri kwamba maneno yale yalituuma. Tulidhani bibi huyu anatafuta njia ya adabu ya kutuambia tusiende. Watu wazima hufanya hivyo: hawakatai, bali husingizia mvua, au mwezi, au ndoto. Tulipomweleza mama watoto dhana yetu hiyo alitutazama kwa muda, kisha akatuuliza kama tumekwisha kuusahau usiku wa Agosti.

Hatukuusahau. Mwaka jana, mwezi wa Agosti, tulikwenda Juani kuangalia mahali pa kukaa. Mwezi ulikuwa mpevu, mbalamwezi nyeupe kabisa, na pepo za kusi zikivuma kwa nguvu. Ilipata saa sita usiku mama mkwe akashikwa na kifua. Pumzi ikawa inakwenda kwa taabu, na mwili unawaka moto. Tukatoka mbio kutafuta nahodha, kwa maana hospitali ya wilaya iko Kilindoni, kisiwani Mafia kwenyewe, ng'ambo ya maji.

Hapa yatupasa kueleza jinsi mahali penyewe palivyo. Kati ya Juani na kisiwa kidogo cha Chole pana maji ambayo, wakati wa bamvua, hupwa sana hata watu wakaweza kuvuka kwa miguu, wameshika viatu mkononi na mzigo kichwani. Yakijaa, njia hiyo hufunikwa, na mashua huweza kuja karibu kabisa na miti ya ufukoni. Kwa hiyo kisiwa kina milango miwili, mmoja wa miguu na mmoja wa tanga. Lakini baina ya kufungwa kwa huu na kufunguliwa kwa ule kuna saa ambazo yote miwili imefungwa. Usiku ule maji yalikuwa yamepwa mwisho wake saa nne. Ilipofika saa sita yalikwisha kugeuka na kuifunika njia ya miguu, lakini mashua ilikuwa bado imelala juu mchangani, pale ilipoachwa na maji ya alasiri, nzito kama nyumba. Palikuwa na mtumbwi mdogo. Nahodha aliutazama, akausikiliza upepo, akakataa kumlaza mgonjwa ndani yake.

Tulikaa chini kando ya ile mashua muda wa saa mbili, mama mkwe amelazwa juu ya mkeka, binti yake amempakata kichwa. Hakuna aliyekuwa akifanya lolote, kwa kuwa hapakuwa na la kufanya. Sisi tulisimama, tukakaa, tukasimama tena. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea ubavu wa chombo alituambia kwa upole, "Kaa, mwalimu. Tumepwelewa."

Wasomaji watuwie radhi tukisema kwamba hata katika saa ile neno lilitushika. Kazi ya mtu haimwachi. Kauli ya kutendewa tumeifundisha miaka yote kwa mifano ya kupikiwa, kuandikiwa na kununuliwa: yupo anayepika, na yupo anayepikiwa. Lakini lipo kundi jingine dogo ambalo hatukuwahi kuliweka pamoja ubaoni. Mtu hufa, na aliyebaki amefiwa. Jua huchwa, na msafiri amechwewa. Kunakucha, na aliyekusudia kuondoka gizani amechelewa. Na sisi tunaotumia neno "kuchelewa" kila asubuhi mlangoni mwa shule tumesahau kabisa kwamba ndani yake mna alfajiri. Maji hupwa, na watu wamepwelewa. Katika maneno haya hakuna aliyekufanyia jambo. Jambo limetokea lenyewe, nawe ulikuwapo. Kamusi itakuambia kwamba kupwelewa ni kukwama chombo maji yakipwa, na pia kuwa katika shida bila msaada. Maana zote mbili tulikuwa nazo pale mchangani, na laiti mtu angetuuliza ni ipi ya asili na ipi ya sitiari, tusingeweza kumjibu.

Yapata saa nane maji yakafika kwenye mkuku wa mashua, yakauinua kidogo kidogo. Vijana wakasukuma. Tulivuka hadi Utende, tukapata gari, na kabla ya jua kuchomoza mama mkwe alikuwa kitandani hospitalini akitibiwa homa ya mapafu. Alipona. Baada ya wiki moja alirudi kwake, kwa maji ya saa nne asubuhi, akilalamika kwamba nahodha amechelewa.

Kwa hiyo mama watoto alipotukumbusha usiku ule, tulinyamaza, tukafuta Jumamosi yetu. Bibi alikuwa akitufundisha kitu ambacho mtoto wa shule kisiwani hukijua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku moja mbili baada yake, ndiyo bamvua: maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, nayo hujaa kiasi cha saa kumi, alasiri na alfajiri. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi unapokuwa nusu, ndiyo maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Mashua yenye mzigo mzito ikija kwa maji mafu haifiki miti. Husimama mbali, na kila kitu hushushwa mabegani, katika matope na majani ya bahari. Na kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake, hata ratiba ya mwalimu wa bara ikawa haina kazi.

Tumeisogeza safari mbele kwa siku 8. Mwezi utakuwa umeandama, na tutaondoka Utende saa tisa alasiri ili tufike maji yakiwa juu, tushushe mzigo upesi, na mashua iondoke kabla hayajaanza kuikimbia. Nahodha amekwisha kukubali kwa simu. Habari za vibali vya kukaa zinaendelea, nazo hazina utamu wa kusimulia. Nyumba ya mama mkwe ina vyumba viwili na tutaongeza cha tatu. Kwa kuwa kisiwa kimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, mikoko na mawe ya bahari si vitu vya kujichukulia, hivyo saruji na mabati vitatoka Kilindoni, navyo vitangoja bamvua yake.

Orodha ya vyombo tulimsomea bibi kitu kimoja kimoja. Cherehani alikubali. Magodoro, masufuria na jiko la gesi akakubali. Tulipofika kwenye kabati la mninga, zawadi ya arusi yetu, aliuliza, "Hilo litashushwa kwa mabega ya nani?" Tumelitangaza kuuzwa. Vitabu vilileta ubishi mrefu zaidi, kwani unyevu wa chumvi hula karatasi. Tumechagua 60 tu, tukanunua sanduku la bati lenye kifuniko cha kubana, na vilivyobaki tumeipa maktaba ya shule, kama malipo madogo ya deni lile la lawama.

Lililo gumu ni binti yetu mkubwa. Mwakani ataingia kidato cha nne, na kumhamisha mwaka wa mtihani, kutoka mtaala mmoja kwenda mwingine, hatukuona kuwa ni haki. Atakaa kwa shangazi yake hapa Masaka. Hakulia tulipomwambia. Aliomba lile daftari ambamo tumechora siku za mwezi na saa za maji tangu Desemba hadi Aprili, akanakili kurasa zote, akazibandika ukutani kando ya kitanda atakacholalia. Juzi tulipokwenda kumtazama tulikuta ametia alama kwa kalamu nyekundu, usiku baada ya usiku, penye zile saa ambazo milango yote miwili imefungwa. Tulimwuliza zitamsaidia nini akiwa huku. Alisema anataka kujua usiku gani asizime simu.