Wakili Aliyeingia Ndani

Shangazi alipokaa eda, Mji wa Kale, Mombasa, nilikuwa nakwenda kumzungumzisha kila alasiri. Wageni wakishaondoka, yeye alikuwa akitaka hadithi. Wakati huo nilikuwa nikisoma The Widows of Malabar Hill, riwaya ya Sujata Massey iliyotoka mwaka 2018, nikawa namsimulia sura baada ya sura.

Mpelelezi wake ni Perveen Mistry, msichana wa Kiparsi wa Bombay ya mwaka 1921, wakili katika ofisi ya babake. Mahakamani hana ruhusa ya kusimama, kwa kuwa ni mwanamke. Wajane watatu wa tajiri wa Kiislamu wamekaa ndani, hawaonani na wanaume wa kando, na ofisini imefika karatasi kwamba wote watatu wametoa mali yao wakfu, na mahari yao ndani yake. Mmoja hakutia saini. Ametia alama ya X.

Shangazi aliweka chini kofia aliyokuwa akiishona. “Ngoja, mwanangu. Huyo hajui kusoma. Nani aliyemsomea?”

Ndilo swali linalompeleka Perveen Malabar Hill. Polisi hawezi kuvuka pazia. Yeye anaingia, anakaa na wajane, anawasikiliza mmoja mmoja. Msimamizi wa mali ya wajane hao alipouawa, Shangazi, aliyekuwa akimshuku msimamizi huyo tangu mwanzo, alianza upya kuhesabu waliokuwamo nyumbani.

Riwaya za upelelezi za namna hii watu huziita nyepesi. Ni kweli, mauaji yamo lakini hayakutii kinyaa, na katikati kuna vyakula, sari na chai. Mimi nazipenda kwa jambo jingine: fumbo linafumbuliwa na mtu anayejua kwamba mahari ni ya mke mwenyewe, jinsi mirathi inavyogawanywa, na nani anashika funguo za nyumba. Wanawake wa kwetu waliyajua hayo yote bila mtu kuwaita wapelelezi.

Nilimweleza pia kwamba Massey aliuchota mfano wa Perveen kwa Cornelia Sorabji, wakili wa kweli, aliyefanya mtihani wa sheria Oxford mwaka 1892. Chuo hakikuwapa wanawake shahada hadi 1920.

“Na yake aliipata?”

“Aliipata, Shangazi. Mwaka 1922.”

“Miaka thelathini!” Alikasirika kweli, akawasimulia wageni wa kesho yake habari za Sorabji kabla hata hawajaketi. Eda ilipokwisha aliniagiza kitabu cha pili.