Bibi na Wajukuu Wanne

Kwetu Kigali, safari ndefu huanzia Nyabugogo. Hapo kwenye gare, au stendi kama waitavyo wenzetu wa Tanzania, mabasi huondoka kwenda Musanze, Rubavu, Huye na Rusizi, na mengine huvuka mpaka hadi Kampala. Nimepita hapo mara nyingi tangu utotoni, nikadhani nimepajua. Julai 2023 niligundua kwamba kupita Nyabugogo peke yako ni jambo moja, na kupita ukiwa na watoto ni jambo jingine kabisa.

Bibi yangu, mkazi wa Biryogo, alikuwa akiwapeleka wajukuu watatu kwa shangazi yetu huko Rusizi: mmoja wa miaka minane, wa pili wa miaka sita na kitinda mimba wa miaka mitatu. Niliombwa niwasindikize kwa sababu magoti ya Bibi yalikuwa yameanza kumsumbua.

Jioni ya kuamkia safari nilimkuta akishona. Alikuwa ameandika namba yake ya simu kwenye vipande vitatu vya kitambaa, akawa anavishonea ndani ya kola za mashati ya watoto. Nilicheka.

"Bibi, nani atapotea hapa Kigali?"

Hakunijibu. Aliwaita watoto akawauliza, "Ukipotea unafanya nini?"

Wakaitikia kwa pamoja kama wako darasani, "Nasimama palepale! Namwita mama mwenye mtoto!"

Asubuhi aliwapa chai ya rangi na mkate mkavu tu. Maziwa na mandazi aliyakataza kwa sababu ya kona za msitu wa Nyungwe. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini mwetu tangu 2008, kwa hiyo alichukua ndoo ndogo yenye kifuniko, kwa ajili ya atakayetapika.

Ubishi ulianza Nyabugogo, dirishani kwa mkata tiketi. Nilimshauri anunue tiketi nne badala ya tano, kisha ampakate mdogo. Fedha ile ingetosha kununulia chakula cha njiani.

"Mjukuu wangu," alisema, "dereva akishika breki ghafla, mikono yangu haitakuwa mkanda."

Nilimkumbusha kwamba mabasi yetu yana vidhibiti mwendo na hayaruhusiwi kupita kilomita 60 kwa saa. Akasema, "Hiyo 60 nayo si mchezo kwa mtoto." Akanunua tano, akakataa viti vya kukunja vya katikati, na akataka kuiona mikanda kabla hajaruhusu mizigo ipakiwe.

Wakati akiikagua, mimi niliachiwa mkono wa yule wa miaka sita. Simu yangu ikalia. Niliuachia ule mkono nipate kuitoa mfukoni. Nilizungumza maneno machache tu, wala siyakumbuki. Nilipogeuka, mtoto hakuwapo.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi miguu yangu ilikuwa mizima, lakini haikujua iende wapi. Kila upande watu walikuwa wakiita, "Huye! Huye! Rubavu!" na mabasi yalikuwa yakirudi nyuma kutoka kwenye maegesho yao. Nilikimbilia barabarani nikiliita jina lake, sauti yangu ikamezwa na honi. Nilichoogopa zaidi ya yote ni uso wa Bibi.

Niliporudi kumwambia, nilimkuta ameshika simu sikioni. Upande wa pili mwanamke alikuwa akisema kwa Kiswahili cha Bukavu, "Mama, mutoto yenu iko hapa kwangu."

Tulimkuta nyuma ya basi la tatu kutoka letu, ameshikilia kitenge cha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Hakuwa analia. Alipoona ametuacha alisimama, kisha akamwita mama huyo na kumwonyesha kola yake. Nilikuwa nimekimbilia upande mwingine kabisa. Mtoto wa miaka sita alikuwa amefuata utaratibu, na mimi mwanafunzi wa chuo kikuu nilikuwa nimeukosa.

Bibi alimshukuru sana yule mama. Mimi hakunigombeza. Alinirudishia mkono wa mtoto tu, akaufunga ndani ya wangu kwa viganja vyake viwili.

Basi lilipofika Huye abiria walishuka kujisaidia. Tuliporudi ndani, Bibi alinyoosha kidole akahesabu, "Mmoja, wawili, watatu, wanne." Nikamuuliza wa nne ni nani.

"Kwani wewe si mjukuu?"

Ndani ya Nyungwe ndoo ilitumika mara mbili, na aliyetapika mara ya pili nilikuwa mimi, niliyekuwa nimekula mandazi kwa siri.

Zamani niliyaona mambo ya Bibi kuwa hofu za uzee. Sasa najua kwamba alikuwa ameifikiria safari nzima kabla hatujatoka nyumbani, akaweka kinga mahali ambapo sisi vijana huweka matumaini. Mwaka uliofuata magoti yalimzuia kusafiri, akaniachia watoto niwapeleke mwenyewe. Jioni ile nilimwomba sindano na uzi. Alinipa bila kusema neno, akakaa karibu yangu kuangalia kama nashona vizuri.