Profesa wa Mbio za Magari

Jina la Rauno Aaltonen lilinifikia masikioni miaka mingi kabla sijamjua mwenye jina. Zilikuwa siku za Pasaka mwaka 1984, nami nilikuwa mtoto wa miaka 7. Mjomba wangu, fundi wa malori, aliiweka redio juu ya pipa tupu mbele ya karakana yake, na kila habari za mashindano ya Safari zilipotangazwa aliinua mkono kutaka kimya, hata kwa nyundo za wanagenzi wake. Majina mengi ya Ulaya yalimkwama mtangazaji kooni, lakini ya Wafini yalimtoka kwa wepesi: Mikkola, Vatanen, Aaltonen, hayo mawili ya mwisho aliyatilia irabu mkiani yakawa ya kwetu kabisa. Nilipokuja kusoma isimu niliipata sababu. Kifini, kama Kiswahili, hupenda irabu na hujenga neno kwa kupachika viambishi kimoja baada ya kingine. Aalto kwa lugha ile ni wimbi, na lile -nen ni kiambishi cha udogo. Basi mjomba wangu alikuwa akimshangilia Bwana Kiwimbi wala hakujua.

Kwa nini alimchagua huyo katika wote? Nadhani ni kwa sababu ya kushindwa kwake. Aaltonen alikuwa amekwisha kuwa wa pili katika Safari mwaka 1977, tena mwaka 1980, tena mwaka 1981. Mwaka ule wa 1984 akawa wa pili tena. Nililia. Mjomba hakunibembeleza; aliizima redio ili kuokoa betri, akaniuliza, "Yaliyofika ni mangapi?"

Msomaji asidhani kuwa tunasimulia habari za dereva wa kubahatisha. Aaltonen alizaliwa Turku mwaka 1938. Alishindana kwa mashua za mwendo wa kasi na kwa pikipiki kabla ya kushika usukani, na mwaka 1961 alishinda mashindano makuu ya nchi yake, yale yaliyojulikana kwa jina la Maziwa Elfu. Mwaka uliofuata, katika Monte Carlo, gari lake lilipinduka likashika moto, na ni mwenzake Geoff Mabbs aliyemtoa ndani yake. Wengi wangalichukua onyo lile wakarudi nyumbani. Yeye mwaka 1964, akiwa na Tony Ambrose, alishinda mbio za kutoka Ubelgiji hadi Sofia na kurudi, siku nne karibu bila usingizi. Na mwaka 1965 akawa bingwa wa Ulaya, Mfini wa kwanza kuipata heshima hiyo. Mwaka 1966 huko Monte Carlo magari ya Mini, lake likiwamo, yalitolewa mashindanoni kwa hoja ya taa za mbele, na ushindi akapewa Mfini mwingine, Pauli Toivonen. Walakini mwaka 1967 Aaltonen alirudi pale pale na Mini pamoja na Henry Liddon, akashinda, na safari hii hapakuwa na taa ya kulaumiwa.

Wenzake walimpa lakabu ya Profesa. Lakabu hiyo ilikuwa na sababu, nayo yanipasa kuieleza, kwa maana ndiyo iliyonifanya nimtafute tena nilipokuwa mtu mzima. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele lina ukaidi wake: dereva akikata usukani huku akiongeza mafuta, pua hukataa kona ikakimbilia nje. Akiondoa mguu kwenye mafuta, gari hutii lakini mwendo hupotea. Aaltonen na wenzake wa kaskazini waliuacha mguu wa kulia juu ya mafuta, wakagusa breki kwa mguu wa kushoto. Uzito ulihamia mbele, mkia ukawa mwepesi ukateleza kidogo, na pua ikageukia ilikotakiwa pasipo injini kupunguza nguvu. Walikuwapo waliofanya hivyo kwa mazoea tu. Huyu aliweza kueleza kwa nini. Na aliyeweza kueleza aliweza kufundisha, akawa kwa miaka mingi mkuu wa wakufunzi katika mafunzo ya udereva ya BMW.

Sasa mtu huyu, mwenye elimu ya theluji na barafu, alikuja Afrika Mashariki. Safari, iliyoanza mwaka 1953, ilikuwa mashindano ya namna nyingine. Barabara hazikufungwa, ng'ombe, basi na lori la makaa vilikuwa na haki sawa na bingwa. Aliyeshinda ni yule aliyechelewa dakika chache zaidi kufika vituoni. Mvua ikinyesha, udongo mweusi uligeuka gundi. Jua likiwaka, vumbi la aliyetangulia lilikuwa ukuta. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Hakuna dereva wa ng'ambo aliyeshinda mpaka mwaka 1972, alipofanya hivyo Hannu Mikkola, Mfini vilevile.

Aaltonen aliyajua haya yote. Alimchukua Lofty Drews, mkazi wa Kenya, aketi kando yake amsomee njia. Na huo nauona ndio uprofesa wenyewe, kukubali kusomewa na mwenyeji. Hata hivyo mwaka 1977 alitanguliwa na Björn Waldegård wa Uswidi. Mwaka 1980 na mwaka 1981 alitanguliwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala aliyehamia Kenya, dereva mwenzake katika kikosi cha Datsun, aliyeshinda Safari mara 5 kwa jumla. Mwaka 1984, akiendesha Opel Manta, alimwacha nyuma Mikkola, bingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia, aliyekuwa na Audi isukumwayo na magurudumu yote manne. Mbele yake alikuwapo Waldegård tena. Aaltonen alikuwa na miaka 46.

Mimi leo nimeupita kidogo umri huo. Wanafunzi wangu huniita Profesa, nami huwasahihisha: mimi ni daktari wa falsafa, basi. Mwaka jana ombi langu la kupandishwa cheo lilirudishwa kwa mara ya pili, kwa barua ya mistari minne yenye kosa moja la upatanisho wa kisarufi. Nakiri kuwa nilianza kuandika habari za Aaltonen nikitafuta kifuta machozi. Nilitaka awe mwenzangu, mtu aliyedhulumiwa haki yake.

Kadiri nilivyozidi kumsoma ndivyo alivyozidi kuukataa udugu huo. Nani alimdhulumu katika Safari? Mehta alikuwa na gari la kikosi kile kile, na matope yale yale, akafika mapema zaidi. Waldegård vivyo hivyo. Kama dhuluma ilikuwapo ilikuwa Monte Carlo mwaka 1966, na ile aliilipa kwa kushinda mwaka mmoja baadaye. Safari haikumnyima kitu kilichokuwa chake. Na mimi, nikiwa mkweli, naijua sura moja ya kitabu changu ambayo haijakamilika, nami niliipeleka hivyo hivyo, nikitumaini kuwa wasomaji wangalipita haraka. Barua ile ilikuwa na kosa la sarufi; hukumu yake sina hakika kuwa ilikuwa na kosa.

Mjomba hakuishi kuiona Safari ikirudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu mwaka 2002. Mwaka 2022 alishinda Kalle Rovanperä, kijana wa Kifini wa miaka 21, katika kuja kwake kwa pili. Aaltonen alikuwa ametimiza miaka 84 Januari ya mwaka huo. Nilifurahi kwa ajili ya kijana, kisha nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu utotoni: nilishuka na orodha ya matokeo, jina baada ya jina, hadi la mwisho, nikahesabu yaliyofika.