Kabla ya Kumwondoa, Muulizie

Katika miji yetu ya Kahama, Katoro na Geita, baada ya swala ya Isha utawaona vijana wamekaa kwenye baraza za maduka na ngazi za misikiti, vichwa vimeinamia simu. Mpita njia hudhani kila mmoja yuko peke yake. Kumbe wako pamoja, tena wako pamoja na wenzao walioko Shinyanga, Mwanza na hata Dar es Salaam, wote wakicheza mchezo mmoja kwa wakati mmoja, na wengine wakizungumza kwa sauti kana kwamba wamekaa jamvi moja.

Michezo yenyewe ni mingi. Upo Free Fire wa kampuni ya Garena ya Singapore, uliotoka mwaka 2017. Upo Clash of Clans wa kampuni ya Supercell ya Finland, wa mwaka 2012. Na mingine hutokea kila msimu. Katika michezo hii vijana hujiunga kwa vikundi, na wao wenyewe huviita gildi au klani. Kikundi kina jina, kina kiongozi na wasaidizi wake, na alama anazozipata mmoja huwafaa wote. Nafasi hazikosi mpaka: katika Clash of Clans kikundi hakizidi watu 50. Kwa hiyo anayekaa bila kucheza anaonekana amekalia kiti cha mwingine, na kiongozi ana uwezo wa kumtoa kwa kugusa kioo cha simu mara mbili. Hapana kikao, hapana barua, hapana shahidi. Vijana wana neno lao kwa tendo hilo: wamenirimuvu.

Najua wapo wazee watakaosema kwamba dawa ya yote haya ni kuzima simu. Sitabishana nao leo. Mchezo wenye kamari ndani yake, au unaompitisha kijana wakati wa swala, hukumu yake haihitaji ukurasa wa familia. Lakini watoto wetu wamo humo, na popote walipo watu wawili wa Kiislamu, pana haki ya mmoja juu ya mwenzake. Haki hiyo haiishii mlangoni mwa msikiti.

Miezi michache iliyopita mama mmoja alinijia ofisini kwetu msikitini, akaeleza kwamba mwanawe wa miaka 14 amegoma kuja madrasa ya jioni. "Anasema hana mwenzake hapa, ustadhi," akaniambia. Nilishangaa, maana kijana yule alikuwa na wenzake tele. Nikafuatilia taratibu, na habari ikawa hivi. Baba yake ni mchimbaji mdogo, ana hisa katika duara moja upande wa Geita. Ilipotokea rashi mpya mbele ya Katoro, shule zikiwa zimefungwa, alimchukua mwanawe wamsaidie kulinda mifuko ya mawe karashani. Huko umeme hakuna. Simu huchajiwa kwa malipo kwenye kibanda chenye sola, na simu yenyewe ikawa ya baba. Wakakaa siku 12. Kikundi cha kijana kilikuwa na kanuni: asiyecheza siku saba anatoka. Aliporudi Kahama akaifungua simu usiku, akajikuta nje. Hakuna aliyemwandikia neno. Na kiongozi wa kikundi ni kijana wa miaka 17, mwanafunzi wetu, ambaye huswali naye safu moja.

Nikamwita kiongozi huyo baada ya Alasiri.

"Shikamoo, ustadhi."

"Marahaba, baba. Nasikia ulimtoa mwenzako kwenye kikundi."

"Nilimtoa, ustadhi. Alikuwa hachezi. Tulikuwa na mashindano na nafasi zilijaa."

"Ulimuuliza alikokuwa?"

"Mchezo hauna mahali pa kuuliza."

"Kwao ni wapi?"

Akanyamaza kidogo. "Nyumba ya tatu kutoka kwetu."

Sikumkemea, na wala hakustahili kukemewa sana. Hakuwa na chuki. Alifuata kanuni waliyoikubali wote, akiwemo yule aliyetolewa. Lakini kanuni ya siku saba imetungwa na watu wanaodhani kwamba kila mmoja ana umeme ukutani na bando la kutosha. Katika ukanda wetu wa dhahabu, mtu hutoweka kwa sababu ambazo haziandikwi popote: duara limeingia maji, baba amehamia machimbo mengine, simu imeuzwa ili wanunuliwe unga. Ukimhesabu asiyeonekana kuwa ameacha, utawatoa kwanza walio maskini na waliomo safarini, na watabaki wenye simu nzuri.

Nikamsimulia kisa anachokijua tangu utotoni, kisa cha Nabii Suleiman (a.s.) na hud-hud katika Surat An-Naml. Suleiman alilikagua jeshi lake la ndege, akaona mmoja hayupo. Alikuwa mfalme, na alikasirika. Aliahidi adhabu kali. Lakini msomaji atazame mpangilio wa maneno yake. Kwanza aliuliza, kwamba je, mimi ndiye simwoni, au kweli hayupo? Kisha katika ahadi ile ya adhabu akaacha mlango: isipokuwa ndege huyo aje na hoja iliyo wazi. Na hud-hud alipokuja na habari za Saba, Suleiman hakumwamini papo hapo wala hakumkatalia. Alisema atatazama kama amesema kweli. Ndege mmoja tu, katika jeshi lisilo na idadi, naye alisikilizwa. Kiongozi wetu wa klani alikuwa na watu wasiozidi 50.

Na Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa hapitwi na asiyeonekana. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) habari ya mtu mweusi, na mapokezi mengine yanasema ni mwanamke, aliyekuwa akifagia msikiti. Mtume akamkosa, akamuulizia. Akaambiwa amekwisha kufa. Masahaba waliona jambo lenyewe si la kumsumbua kwalo. Akauliza kwa nini hawakumjulisha, akataka aoneshwe kaburi, akaenda akamswalia. Mfagizi wa msikiti! Mimi kama katibu wa kamati hadithi hii hunirudia kila ninapofungua daftari la mahudhurio.

Maana nasi kamati tuna kanuni yetu, na inafanana na ile ya vijana. Katiba yetu inasema mjumbe atakayekosa vikao vitatu mfululizo bila taarifa atapoteza ujumbe. Wengi huisoma wakaishia kwenye "vikao vitatu". Mimi nilifundishwa na mzee aliyenitangulia katika ukatibu nizingatie "bila taarifa". Alikuwa akisema taarifa ni kama maji ya kisima: kuna anayekuja nayo na kuna ambaye lazima uyafuate. Kwa hiyo barua ya kumkumbusha mjumbe sitoi kwa simu. Naipeleka nyumbani kwa mkono. Mara moja nilimkuta mzee wetu mmoja ameketi peke yake uani, mkewe amelazwa Mwanza wiki ya tano, na nauli imemwishia. Barua ile ilirudi mfukoni mwangu, na Ijumaa iliyofuata tukamchangia.

Itaulizwa: je, mwenye kosa la kweli? Yupo anayetukana wazazi wa wenzake, anayetuma picha chafu, anayeiba akaunti ya mtu. Huyo atolewe, tena mapema. Kuondoa madhara ni msingi unaojulikana katika fiqhi yetu. Adabu hapa ni namna. Aambiwe yeye mwenyewe, faraghani, kosa lake ni lipi, na ajue kama ametolewa kwa muda au moja kwa moja. Wenye Clash of Clans wameweka nafasi ya kumwandikia maneno machache yule anayetolewa. Watu wasioijua dini yetu wameona kwamba mtu asitolewe kimya. Baya zaidi ya ukimya ni lile vijana walifanyalo siku hizi, kupiga picha ya skrini wakati mwenzao anatolewa na kuisambaza ili achekwe. Hiyo imeshatoka katika nidhamu, imeingia katika kuvunjiana heshima.

Mfano mkubwa wa mtu kutengwa kwa haki ni wa Ka'ab bin Malik (r.a.), aliyebaki nyuma bila udhuru katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, yeye na Murara bin Rabi'i na Hilal bin Umayya. Amekisimulia mwenyewe, nacho kimo katika Bukhari na Muslim. Mtume alipofika Tabuk alimuulizia. Mtu mmoja akasema Ka'ab amezuiwa na nguo zake nzuri na kujitazama kwake. Muadh bin Jabal akamjibu kwamba amesema vibaya, kwani wao hawamjui Ka'ab ila kwa kheri. Hayo yalisemwa mhusika akiwa mbali, asisikie. Mwenye kikundi chochote, cha mchezo au cha kuchangishana, na ajiulize kama ana Muadh mmoja ndani yake.

Ka'ab aliporudiwa na Mtume hakutunga udhuru, alikiri. Watu wakaamrishwa wasizungumze na hao watatu. Lakini Ka'ab hakufukuzwa msikitini. Aliendelea kuhudhuria swala ya jamaa, naye anasema kwamba alipoielekea swala yake Mtume humtazama, na akigeuka yeye, Mtume huangalia upande mwingine. Mke wa Hilal alikwenda kumwombea mumewe, kwa kuwa ni mzee asiye na wa kumhudumia, akaruhusiwa kumhudumia. Siku ya 50, baada ya Alfajiri, ikatangazwa kwamba toba yao imekubaliwa, na watu wakakimbilia kumpa habari njema; Talha bin Ubaydullah akainuka kumpa mkono, na Ka'ab hakumsahau kwa hilo. Yeye aliyetengwa alijua kwa nini, walimwengu wake wote walijua, na waliomtenga walikuwa wakingoja kumrudisha.

Katikati ya siku hizo kuna jambo ambalo wazazi wa machimboni tulizingatie. Mfanyabiashara kutoka Sham alifika sokoni Madina akimuulizia Ka'ab, akampa barua ya mfalme wa Ghassan. Mfalme alikuwa amesikia kwamba mtu huyu ameachwa na wenziwe, akamwalika kwake. Ka'ab aliona kwamba huo nao ni mtihani, akaitia barua ile tanuuni. Alikuwa Sahaba, mtu mzima, aliyehudhuria kiapo cha Aqaba. Mtoto wa miaka 14 hana tanuu hiyo. Naye barua za Ghassan humfikia usiku uleule anaotolewa: namba asiyoijua humwalika kwenye kikundi kingine, na humo kuna watu wazima wanaobeti, wenye mikeka ya kila siku, na wanaotafuta vijana wa kushuka duarani badala ya kwenda darasani. Hayo niliyakuta katika simu ya kijana wetu, kwa idhini yake na mbele ya mama yake. Alikuwa tayari katika vikundi viwili vya watu asiowahi kuwaona.

Wasukuma na Wanyamwezi wa huku wanaujua uzito wa kutengwa kuliko wengi. Sungusungu walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kahama ikiwa miongoni mwa vitovu vyake, adhabu mojawapo iliyoogopwa ilikuwa ya kumtenga mtu na kijiji. Siwasifu kwa kila walilofanya, wapo waliodhulumiwa. Lakini kutengwa kulitolewa mkutanoni mchana, mtu akijua shauri lake, na njia ya kurudi ilikuwa inajulikana na ina bei yake. Siku hizi tumeipa adhabu hiyohiyo kidole cha mtoto, saa tano za usiku.

Kijana wetu alirudi madrasa baada ya kiongozi wake kwenda nyumbani kwao kubisha hodi. Kanuni ya siku saba vijana wameibakiza, ila sasa kabla ya kumtoa mtu lazima mmoja wao apige simu kwa mzazi au afike kwao, na aliyekwenda machimboni jina lake linangojewa.

Sisi wakubwa je? Kikundi cha WhatsApp cha msikiti wetu kilipunguzwa watu mwezi wa Shaaban, kwa maelezo kwamba wapo wasiochangia wala kusoma matangazo. Wametolewa sita, na hakuna aliyepigiwa simu kabla. Watano kati yao ni wachimbaji. Jambo hilo nimeliweka kuwa ajenda namba nne ya kikao cha Jumamosi. Wanne nimeshazungumza nao. Namba za wawili hazipatikani. Yuko mjumbe anayekwenda Nyarugusu kesho kununua mawe, nimempa majina yao awaulizie pale karashani.