Kioo cha Mama



Wapendwa wanaparokia, tafakari ya wiki hii imetokana na safari yangu ya Kimbiji, nilikoalikwa kubariki nyumba. Wengi wenu mnakufahamu huko: ni kusini mwa Kigamboni, kwenye ufuko wa Bahari ya Hindi, kata iliyohesabiwa Temeke kabla Kigamboni haijawa wilaya inayojitegemea. Wenye nyumba ni mwalimu mstaafu na mkewe, waliojenga taratibu kwa miaka mingi, tofali juu ya tofali, hata wakahamia.

Nilipoingia sebuleni nilishangazwa na mwanga. Saa za alasiri nyumba zetu nyingi huwa na giza, hasa umeme unapokatika. Hapa kulikuwa na vioo vitatu vya kale ukutani, na kile kikubwa kilining'inizwa kuelekea dirisha la upande wa bahari, hata minazi ya nje ikaonekana kama imeota ndani ya chumba. Mwalimu alinieleza asili ya kila kimoja. Cha kwanza kilitoka katika meza ya kujipambia ya bibi yake. Cha pili kilinunuliwa kwa wauza vitu vya kale wa Mji Mkongwe, Unguja. Cha tatu, kirefu na chembamba, alikipata kinyozi mmoja alipofunga duka.

Kupamba nyumba kwa vioo si jambo geni katika pwani yetu. Binti Salme wa Zanzibar, aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye akajulikana kwa jina la Emily Ruete, aliandika kumbukumbu zake, zikachapwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo anaeleza kuta za vyumba vya kwao zilivyopambwa kwa vyombo vya kauri, saa, na vioo vikubwa vilivyoagizwa kutoka Ulaya. Vioo vya zamani vilitengenezwa kwa bati na zebaki nyuma ya kioo. Ndipo mwaka 1835 mwanakemia Mjerumani, Justus von Liebig, akaonyesha njia ya kupaka utando mwembamba wa fedha kwa kemikali, na njia hiyo hatimaye ikachukua nafasi ya zebaki.

Utando huo wa fedha una adui mkubwa pwani, nao ni unyevu wenye chumvi. Hupenya kwanza pembezoni, kisha madoa meusi husambaa kuelekea katikati. Vioo vya Kimbiji vilikuwa navyo vimeanza kuliwa. Kile cha bibi kilikuwa na doa jeusi pembeni, kubwa kama kiganja cha mtoto. Kile cha Unguja kilikuwa kimepasuka chini.

Hapo ndipo mjadala ulipozuka. Binti yao wa kwanza, aliyetoka mjini kwa ajili ya sherehe, alisema, "Baba Paroko, tusaidie kumshawishi mzee. Fundi wa vioo yuko tayari. Fremu zibaki, vioo viondolewe vyote, viwekwe vipya. Nyumba mpya haiwezi kuwa na vioo vyenye ukungu." Mwalimu akapinga, akisema ya kale ni dhahabu. Wote wawili wakanitazama, wakingoja neno langu.

Ndugu zangu, sikuweza kujibu upesi, nami nitawaambia sababu yake.

Nilipokuwa padre kijana nilirudi nyumbani kwa likizo yangu ya kwanza. Katika chumba cha mama palikuwa na kabati la nguo la mninga, lenye kioo mlangoni. Kioo kile kilikuwa kimechakaa, hata ukijitazama unajiona kama mtu aliye ng'ambo ya mto wakati wa umande. Nilimwonea huruma mama. Nilikuwa na fedha kidogo nilizopewa kwa ajili ya upadrisho, nikamwita fundi. Mama aliporudi kutoka shambani alikuta kioo kipya kinang'aa. Akasema, "Asante, baba," akapika, tukala. Nami nikaondoka nikijisifu moyoni kwamba nimemfanyia mama jambo jema.

Miaka kadhaa ilipita. Katika ugonjwa wake wa mwisho, mama aliniuliza usiku mmoja, "Kile kioo cha zamani fundi alikipeleka wapi?" Nikamjibu kwamba kilivunjika wakati wa kutolewa, kikatupwa shimoni. Akanyamaza. Kisha akasema, "Kile kilinijua. Mbele yake nilivaa siku ya ndoa yangu. Mbele yake nilimwinua dada yako ajione, kabla Mungu hajamchukua." Dada huyo nilimsikia tu kwa jina, alifariki kabla sijazaliwa, wala picha yake haikuwahi kupigwa. Mama hakuongeza neno, wala hakunilaumu. Ningeona nafuu kama angenilaumu.

Nimetafakari jambo hilo mara nyingi. Kosa langu halikuwa kununua kioo. Nililipa fundi, nikapima upana na urefu, nikachagua hata unene, lakini sikumwuliza mwenye kabati.

Basi pale Kimbiji niliona kwamba mtu mmoja alikuwa hajasema lolote. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Nikamgeukia, "Mama, wewe unaonaje?" Akaweka sinia chini, akatufundisha sote. Kile kilichopasuka kibadilishwe, maana wajukuu watajikata. Kile cha kinyozi kisuguliwe fremu tu. Na kile cha bibi kisiguswe. "Mama mkwe alinipokea mbele ya hicho," alisema, "akanifunga kilemba kwa mikono yake." Binti yake hakuwa amepata kuisikia habari hiyo. Alikisogelea kioo, akasimama mbele ya lile doa kwa muda, na habari ya fundi ikaishia hapo.

Kwa kuwa wengi mtaniuliza, nieleze machache niliyojifunza. Msitundike kioo cha kale kikigusana na ukuta wenye unyevu. Wekeni vipande vidogo vya mbao nyuma yake ili hewa ipite. Kifuteni kwa kitambaa laini kikavu, wala msinyunyize maji juu yake, kwa maana hutiririka hadi pembeni na kuingia nyuma. Pimeni uzito: kioo cha mita moja kwa mita moja, chenye unene wa milimita 5, kina takriban kilo 12.5 bila fremu, kwa hiyo msumari mmoja hautoshi. Asiyeweza kununua kioo kirefu asihuzunike. Ili kujiona mzima, kichwa hadi miguu, yatosha kioo cha nusu ya kimo chako, kikitundikwa mahali pafaapo. Na kioo cha zamani sana chenye zebaki kisikwanguliwe nyuma, maana zebaki ni sumu.

Mama yule alinikiri pia kwamba radi ikipiga huvifunika vioo vyote kwa kanga. Kioo hakivuti radi, lakini sikucheka. Mama yangu naye alifanya vivyo hivyo.

Wakati wa kubariki nilikumbuka mambo mawili ya Maandiko. Kitabu cha Kutoka kinasimulia kwamba birika la kunawia makuhani lilitengenezwa kwa vioo vya shaba vya wanawake waliohudumu mlangoni pa Hema. Na Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho kuhusu kuona kwetu kusikokamilika, alitumia mfano wa kioo. Nacho kioo cha siku zile kilikuwa madini yaliyosuguliwa, kisichoonyesha sura vizuri. Mimi nilimtazama mama yangu kwa namna hiyo. Niliona kioo kichakavu na mwanamke maskini anayehitaji msaada wa mwanawe msomi. Sikumwona bibi arusi, wala mama aliyembeba mtoto mbele ya kioo.

Wapendwa, wengi wenu mnawajengea wazazi wenu nyumba mpya, nalo ni jambo jema, Mungu awabariki. Ila kabla ya kutupa kiti kilichovunjika, sufuria iliyotoboka au kioo chenye madoa, kaeni nao chini, muwaulize kilitoka wapi. Mkiwauliza leo watawajibu. Mimi nilichelewa.

Tuwaombee wazazi wetu marehemu. Raha ya milele uwape, ee Bwana.

Nawatakia Dominika njema.

Wenu katika Kristo,
Paroko