Usikivu wa Chombo

Katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, bahari hupanda kati ya mikoko na kuliacha tope limejaa chumvi. Humo ndimo ilimozama Königsberg, manowari ya Kijerumani, tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na Severn na Mersey za Waingereza. Mabaharia wake wenyewe ndio walioimalizia. Mizinga yake 10 ikaopolewa na kuburutwa na Waafrika hadi Dar es Salaam, ikapigana nchi kavu. Mmoja wao umo Ngome ya Yesu, Mombasa.

Mtu akishika kitambuzi cha metali katika tope kama lile, pupa humtuma apandishe usikivu hadi mwisho. Chombo hulia kila hatua, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme, na tope lenyewe hujibu kana kwamba ni chuma. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Hana budi kukisawazisha chombo na ardhi aliyosimama, kisha kuushusha usikivu mpaka chumvi inyamaze. Hapo mlio utakaosikika una maana, ingawa kina kimepungua, na kilicho kidogo au cha mbali kimepotea.

Na wako wasiosikika hata usikivu upandishwe vipi. Walioiburuta mizinga ile, na wapagazi walioibeba vita ile mabegani, hawakuacha chuma ardhini. Wao hutafutwa kwa sikio jingine.